Kabla hujashika mimba

Mwanangu,

Assalamu alaikum. Hapa Lamu sote wazima, ila punda wa babako anachechemea na mzee hana raha.

Jana shangazi yako kanieleza kuwa mnatafuta mtoto, na kwamba amekushauri uache dawa za kifafa. Chai ikapoa mkononi. Usiache, mama. Umesahau ulivyoanguka kwenye ngazi za gati maji yamejaa, mabaharia wakakudaka? Dawa ile ukiikata ghafla, kifafa hurudi kwa nguvu, na kinaweza kukuua wewe na kilicho tumboni.

Lakini shangazi hakukosea yote. Hiyo valproeti, dawa yako ya kifafa, haifai kwa mimba. Katika watoto 100 ambao mama zao waliimeza mwanzoni mwa mimba, kama 10 huzaliwa na kasoro kubwa: mgongo wazi, tundu la moyo, mdomo sungura. Kwa wanawake wengine ni wawili au watatu.

Katika ukunga wangu wote jambo lililonisumbua ni hili: wanawake wetu huja kliniki tumbo limeshaonekana. Mgongo wa mtoto hujifunga ndani ya wiki nne tangu mimba kutunga. Hapo hedhi imechelewa wiki mbili tu, hata mumeo hujamwambia. Anayekuja mwezi wa nne nampa foliki, ile vitamini ya kumkinga mtoto mgongo wazi, lakini kwa mgongo tumeshachelewa. Thalidomaidi nayo ilikuwa hivyo. Ilianza kuuzwa Ujerumani 1957 kama dawa ya usingizi, wajawazito wakaimeza kutuliza kichefuchefu, na kidonge kimoja katika siku zile za mwanzo kilitosha kumharibu mtoto mikono. Iliondolewa madukani 1961, maelfu wameshazaliwa.

Haya nimewaambia wake za watu miaka na miaka. Wewe nimekumezesha valproeti tangu una miaka 11 na sikukwambia neno. Nilikuona mtoto bado. Nisamehe.

Sasa endeleeni kupanga uzazi kwanza. Mwambie daktari waziwazi kwamba unataka kushika mimba. Akiona inafaa atakuhamishia dawa nyingine ya kifafa, lamotrijini au levetirasetamu, taratibu, moja ikipanda nyingine ikishuka. Foliki uanze mapema, na kwa kipimo atakachosema yeye, maana kile cha kawaida huenda kisikutoshe.

Jumatatu navuka Mokowe nipande basi la Malindi. Tutaingia kwa daktari pamoja, na mumeo aje. Kadi yako ya zamani ninayo, nitaileta na samaki mkavu.

Mamako