Wanafunzi wa utawala washushwe hadi vijijini

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nizungumze na wakuu wa vyuo vyetu vya utawala wa umma. Mimi ni mkulima wa mpunga na mjumbe wa halmashauri ya kijiji hapa mkoani Morogoro. Nilichaguliwa Novemba 2024. Baada ya kiapo tulipewa semina ya siku moja, tukagawiwa soda na kalamu, tukarudi nyumbani kuongoza.

Mwaka jana alikuja binti mmoja, mwanafunzi wa utawala, kwa mafunzo ya vitendo. Chuo kilimpangia makao makuu ya wilaya, na huko kwa wiki tatu kazi yake ilikuwa kutoa nakala na kupeleka mafaili. Akaomba mwenyewe ashushwe kijijini. Nilimpokea nyumbani kwangu.

Siku ya kwanza alifungua kabati la ofisi ya kijiji. Mihtasari ilikuwa imefungwa kwa kamba ya katani, mingine imeliwa na mchwa. Akaketi sakafuni kuipanga mwaka kwa mwaka. Siku ya pili akaniita: “Mama, hapa halmashauri imempa mtu ekari arobaini. Mkutano mkuu uliokubali uko wapi?” Tulitafuta hadi jioni. Haukuwepo. Majina ya waliohudhuria kikao chenyewe yalikuwa yameandikwa kwa mwandiko mmoja, sahihi hakuna. Ndipo akanieleza kwamba Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 hairuhusu halmashauri ya kijiji kugawa ardhi kabla mkutano mkuu haujaridhia. Nilikuwa na miezi kadhaa kwenye kiti kile na sikulijua hilo. Iliniuma sana, kwa sababu wanaolima kando ya shamba lile ni majirani zangu.

Kisha akachukua karatasi ya manila, akaandika mapato na matumizi ya miezi mitatu kwa kalamu nene, tukaibandika mlangoni. Watu walisimama kuisoma wakitoka kisimani. Mkutano mkuu, ambao siku zote ulikuwa ukiahirishwa kwa akidi kutotimia, safari hii ulijaa hadi wengine wakakaa juu ya mizizi ya mwembe. Mzee mmoja alisimama na kuuliza fedha ya choo cha shule iko wapi, na mtendaji akalazimika kuleta stakabadhi.

Mkufunzi wa binti yule alifika mara moja tu, makao makuu, akasaini daftari lake na kugeuza gari. Kijijini hakufika. Kwa nini? Kazi aliyokuja kuipima ilikuwa huku.

Mzumbe, ambayo leo ni chuo kikuu, ilianza mwaka 1953 kama shule ya serikali za mitaa. Hombolo kipo chuo chenye jina hilohilo la serikali za mitaa. Hizo ndizo serikali zetu sisi, na ngazi yake ya chini kabisa ni ofisi yenye meza moja kama yetu. Naviomba vyuo viwapange wanafunzi wawiliwawili vijijini, wakae angalau hadi mkutano mkuu mmoja wa robo mwaka upite, na ripoti yao isomwe kwetu kabla ya kupelekwa chuoni. Wakufunzi nao wafike, watusikilize, wafundishe wajumbe kusoma hesabu na kuandika muhtasari. Kozi fupi za mjini ni nzuri, lakini mjumbe asiye na posho hawezi kulipa nauli, malazi na ada.

Halmashauri za wilaya ziwaachie hao vijana. Mashine ya nakala haihitaji mtu aliyesoma miaka mitatu.

Sisi tutawapokea. Kwangu chumba kipo, kina kitanda na chandarua, na mchele hatununui. Mihtasari ya kuanzia 2014 kurudi nyuma bado imo kabatini, haijaguswa.

Mjumbe wa Halmashauri ya Kijiji,
Morogoro