Mamlaka ya kupanga mshahara yapo

Mhariri,

Mimi ni mlinzi wa godauni Shimanzi, zamu ya usiku, saa kumi na mbili hadi kumi na mbili. Nilipomtajia tajiri wangu kima cha chini cha mshahara, alinijibu kuwa serikali haiwezi kumpangia malipo, eti hayo ni makubaliano yetu wawili. Makubaliano gani, nami nadaiwa karo ya watoto watatu? Kifungu cha 41 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mfanyakazi haki ya ujira wa haki. Jedwali la Nne la Katiba hiyo linaikabidhi serikali ya kitaifa viwango vya kazi. Wakaguzi wa kazi na waje Shimanzi, tena waje usiku.

Mlinzi,
Changamwe, Mombasa