Shamba la Anathothi

Goma

Dada yangu mpendwa,

Yezu Kristu asifiwe. Barua yako kutoka Lubumbashi imenifikia, nami nimeirudia mara nyingi kwa ajili ya maneno yale ya mwisho, kwamba imani bado unayo ila matumaini yamekuishia tangu mlipomzika mama. Sitakupa maneno mepesi ya kukufariji. Uliyoyasikia msibani yanatosha.

Kwa maoni yangu kilichokufa si tumaini la Kikristo, bali ni ahadi ambayo Mungu hakuitoa. Mhubiri aliyewaambia kwamba mama angepona na kuinuka kitandani kabla ya Pasaka aliwapa tarehe, nayo ilipopita mkabaki na aibu, kana kwamba ninyi ndio mliopungukiwa na imani. Mtume Paulo anawaandikia Warumi kwamba tunakingojea kwa saburi tusichokiona, tarehe hatupi. Imani humshika yule aliyeahidi, na tumaini humngojea yeye huyo huyo, ndiyo maana siwezi kuvitenga viwili hivyo. Yakobo anasema kwamba hata mashetani huamini kuwa Mungu ni mmoja, nao hutetemeka: wanamjua, lakini hawangojei lolote jema kutoka kwake. Wewe hauko hivyo, dada yangu. Mtu asiyengoja kitu kwa Mungu hamlalamikii jinsi unavyomlalamikia.

Soma polepole Yeremia sura ya 32. Yerusalemu umezingirwa na jeshi la Babeli, nabii mwenyewe amefungwa katika ua wa walinzi kwa sababu ametabiri kwamba mji utatwaliwa, na hapo hapo anakuja Hanameli, mwana wa ami yake, kumwuzia shamba la Anathothi. Yeremia anapima shekeli 17 za fedha, anaita mashahidi, anatia muhuri, kisha anamwagiza Baruku, mwandishi wake, aweke hati katika chombo cha udongo ili zidumu siku nyingi. Ananunua ardhi katika nchi ambayo anajua, kuliko mtu yeyote mjini, kwamba inapotea. Kinachonigusa zaidi ni kwamba anaomba baada ya kukabidhi hati, na sala yake inaishia katika mshangao: Bwana, umeniambia ninunue shamba, na mji umekwisha kutiwa mikononi mwa Wakaldayo, yaani hao watu wa Babeli! Hakungoja moyo utulie ndipo anunue. Wala Biblia haisemi popote kwamba alipata kulilima shamba lile. Baadaye alichukuliwa mpaka Misri pamoja na waliokimbia.

Hapa kwetu watu wa namna hiyo wapo. Mjane mmoja wa shirika letu la parokiani ana kiwanja upande wa Buhene, kilichofunikwa na lava ya volkano ya Nyiragongo ya tarehe 22 Mei 2021. Tangu vita vilipoingia mjini Januari 2025 na benki kufungwa, bado anavunja yale mawe meusi kwa nyundo na kupanga msingi wa chumba cha mjukuu wake. Ukimwuliza kwa nini, hana hotuba. Anakuomba umsogezee jiwe.

Mkumbuke pia Floribert Bwana Chui, mtoto wa mji huu, aliyekataa rushwa ili chakula kilichoharibika kisipite mpakani, akauawa Julai 2007 akiwa na umri wa miaka 26. Kanisa lilimtangaza Mwenyeheri huko Roma tarehe 15 Juni 2025. Kama tumaini lingekuwa hakika ya kuepushwa na mabaya, basi kijana huyu alidanganywa, nami siamini hata kidogo kwamba alidanganywa.

Kuhusu mama, tunangojea ufufuko, na siku ya mazishi haikuuondoa, kwa sababu Kristu amekwisha kufufuka, limbuko lao waliolala. Usiache sala ya jioni pamoja na watoto. Maneno yakikukwama, someni Zaburi ya 88, inayofika mwisho bila kupata jibu lolote, na bado Kanisa linaisali.

Nataka kumwombea mama nia ya Misa Jumapili ijayo. Nitumie jina lake la ubatizo jinsi lilivyoandikwa parokiani, na uwasalimu watoto wote.

Ndugu yako katika Kristu