Homoni za kiume zipimwe asubuhi, tena zaidi ya mara moja

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua za wasomaji nizungumzie kushuka kwa homoni za kiume kwa wanaume waliovuka umri wa miaka 40, jambo ambalo siku hizi linatangazwa redioni, kwenye simu na hata kwenye karatasi zinazobandikwa nguzo za umeme, pamoja na tiba zinazouzwa kwa ajili yake. Nimefanya kazi katika maabara ya hospitali hadi nilipostaafu, na ombi langu ni moja: mwanaume asichomwe sindano ya homoni kabla damu yake haijapimwa asubuhi, si chini ya mara mbili, na kabla hayajatafutwa maradhi mengine yanayoleta dalili zilezile.

Homoni inayozungumziwa ni testosteroni. Hutengenezwa zaidi na korodani kwa amri inayotoka kwenye tezi ya pituitari iliyo chini ya ubongo, nayo ndiyo inayosimamia hamu ya tendo la ndoa, misuli, uimara wa mifupa na utengenezaji wa chembe nyekundu za damu. Ni kweli kwamba hupungua umri unaposonga, kwa wastani wa kama asilimia 1 kila mwaka baada ya miaka 30 na kitu. Hata hivyo, kupungua huko ni kwa polepole sana, wala hakufanani na kukoma hedhi kwa mwanamke, na wanaume wengi hufika uzeeni wakiwa bado ndani ya kiwango cha kawaida.

Utafiti mkubwa uliofanywa katika vituo 8 vya Ulaya, na matokeo yake kuchapishwa mwaka 2010, uliwachunguza wanaume 3,369 wenye umri wa kati ya miaka 40 na 79 ili kujua ni wangapi hasa wanaoumwa kwa sababu ya kushuka huku. Dalili zilizoonekana kwenda sambamba na upungufu wa homoni katika damu zilikuwa tatu: uume kutosimama alfajiri kama ilivyokuwa zamani, kupungua kwa hamu, na uume kushindwa kusimama vizuri wakati wa tendo lenyewe. Wenye dalili zote tatu na homoni ya chini kwa pamoja walikuwa asilimia 2.1. Kwa wenye miaka 40 hadi 49 walikuwa asilimia 0.1, yaani mtu mmoja katika elfu moja, na kwa wenye miaka 70 na zaidi walikuwa kama watano katika kila mia. Ugonjwa huu basi upo, na unawatesa wanaoupata, lakini si wa kila mwanaume mwenye kitambi anayerudi nyumbani amechoka.

Niruhusu nikae kidogo kwenye suala la upimaji, kwa kuwa hapo ndipo mambo mengi yanapoharibika. Testosteroni haikai katika kiwango kimoja kutwa nzima. Huwa juu asubuhi, kisha hushuka kadiri siku inavyokwenda; hushuka pia mtu akishakula, akikesha, au akiwa na homa. Anayepimwa akiwa na malaria atapata jibu la chini ambalo wiki chache baadaye huenda lisiwepo tena. Kwa sababu hiyo miongozo ya madaktari bingwa wa homoni inataka damu itolewe asubuhi, mtu akiwa hajala, na jibu likiwa chini kipimo kirudiwe siku nyingine. Kwa kawaida tulikuwa tukipokea damu hizo kati ya saa 1 na saa 4 asubuhi. Wengi waliofika dirishani kwetu, hata hivyo, walifika saa 9 alasiri wakitoka kazini, na mazungumzo yalikuwa haya haya: "Kaka, umekula leo?" "Nimekula wali mchana, lakini nipime tu, nina safari." Damu ya namna hiyo mashine itaisoma bila kukataa, karatasi itatoka na namba, na namba hiyo ndiyo atakayokwenda nayo kwa mwenye sindano.

Kuna tatizo jingine la namba ambalo linaonekana dogo lakini limewaogopesha watu wengi bure. Maabara nyingine huandika jibu kwa nanomoli kwa lita, nyingine kwa nanogramu kwa desilita. Mtu amesoma mahali kwamba aliye chini ya 300 ana upungufu, kisha anapewa karatasi iliyoandikwa 14, na moyo unamwenda mbio. Hiyo 14 ya nanomoli ni sawa na takriban 400 ya nanogramu, ambacho ni kiwango cha mtu asiye na upungufu. Naomba wenzangu walio bado kazini waandike kipimo na kiwango cha kawaida waziwazi kwenye kila karatasi, na mpokeaji asiondoke bila kueleweshwa.

Sasa nije kwenye maradhi yanayojificha nyuma ya malalamiko haya. Uume husimama kwa kujazwa damu, na mishipa inayoupeleka damu ni myembamba kuliko ile ya moyo, hivyo mishipa inapoanza kuharibika kwa kisukari, presha, sigara au mafuta mengi katika damu, dalili huweza kuonekana huku miaka kadhaa kabla moyo haujaanza kulalamika. Mwanaume wa miaka 50 anayeona nguvu zinapungua anapaswa kwanza kupimwa sukari na presha, kisha aulizwe dawa anazotumia, maana baadhi ya dawa za presha, za msongo wa mawazo na za maumivu makali huchangia tatizo hili. Nimeona mara nyingi karatasi ya mtu aliyekuja kutafuta homoni ikirudi na homoni nzuri kabisa na sukari ya kutisha. Mtu huyo angechomwa sindano bila kupimwa, angeendelea kubeba kisukari chake hadi kidonda cha mguu kimlete hospitali. Unene nao hushusha testosteroni wenyewe, na anayepunguza uzito huona homoni ikipanda bila dawa yoyote.

Kuhusu tiba yenyewe, haifai kuisifu kupita kiasi wala kuipaka matope. Marekani walifanya majaribio ya kina kwa wanaume wenye miaka 65 na zaidi, yaliyochapishwa mwaka 2016. Waliopimwa ili kutafuta wanaofaa walikuwa 51,085, na walioingizwa walikuwa 790 tu. Baada ya mwaka mmoja wa kupaka jeli ya testosteroni, hamu na uwezo wa tendo la ndoa viliongezeka kwa kiasi, furaha na utulivu wa mawazo vikaongezeka kidogo, lakini katika kipimo kikuu cha uchovu, ambao ndio malalamiko yanayotajwa zaidi kwenye matangazo, hapakuwa na faida ya maana. Mwaka 2023 yakatoka matokeo ya jaribio jingine lililohusisha wanaume 5,246 wenye upungufu wa homoni waliokuwa na ugonjwa wa moyo au walio katika hatari ya kuupata: mashambulizi ya moyo, kiharusi na vifo vitokanavyo na moyo vilikuwa asilimia 7.0 kwa waliopewa dawa na asilimia 7.3 kwa waliopewa dawa bandia, jambo lililoondoa hofu kubwa ya miaka mingi. Hata hivyo, waliopewa homoni walipata zaidi mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio, kuganda kwa damu kwenye mapafu na madhara ya ghafla ya figo. Mwaka uliofuata ikaonekana pia kwamba mifupa ilivunjika zaidi kwao, wakati wengi wetu tungetarajia kinyume chake.

Jambo linalonisikitisha zaidi ni la uzazi, kwa sababu karibu hakuna muuzaji anayelisema. Testosteroni ya sindano inapoingia mwilini, pituitari huona homoni imejaa, nayo huacha kuziamrisha korodani. Korodani hunywea na kuacha kutengeneza mbegu. Si madhara ya bahati mbaya kwa mtu mmoja mmoja. Shirika la Afya Duniani liliwahi kuijaribu sindano hii kama njia ya uzazi wa mpango kwa wanaume, na katika matokeo ya mwaka 1990, wanaume 157 kati ya 271 waliochomwa kila wiki hawakuwa na mbegu hata moja ndani ya miezi 6. Fikiria basi mwanaume wa miaka 45 aliyeoa upya, mkewe kijana anatamani mtoto, naye kwa kutaka kumridhisha anakwenda kuchoma dawa ileile inayomfunga uzazi. Miezi inapita, mimba haiingii, na anayenyooshewa kidole na mawifi ni mwanamke. Kwa walio wengi mbegu hurudi baada ya kuacha, lakini huchukua miezi mingi, na kwa wengine zaidi ya mwaka. Anayetaka mtoto na ana upungufu wa kweli zipo dawa nyingine zinazoziamsha korodani badala ya kuzilaza, na daktari wa homoni au wa njia ya mkojo ndiye wa kuulizwa.

La pili ni damu kuwa nzito. Tulikuwa tukijaza damu katika mrija mwembamba wa kioo na kuuzungusha kwenye mashine, chembe nyekundu zikashuka chini na maji ya damu yakabaki juu. Kwa mwanaume mwenye afya, sehemu nyekundu huwa chini kidogo ya nusu ya mrija. Kwa aliyechomwa homoni bila usimamizi, ile nyekundu huipita nusu, na ikipita asilimia 54 miongozo inataka dawa isimamishwe au ipunguzwe. Katika jaribio moja la Australia lililochapishwa mwaka 2021, ambalo kwa haki lilionyesha pia kwamba homoni pamoja na mpango wa kupunguza uzito vilipunguza kisukari, asilimia 22 ya waliochomwa walifikia kiwango hicho. Hao walikuwa wakipimwa mara kwa mara. Anayechomewa nyuma ya duka la dawa hapimwi na mtu.

Nisieleweke kwamba nawakatisha tamaa wanaoihitaji. Wapo waliopoteza korodani kwa ajali au upasuaji, walioharibiwa na matubwitubwi au mionzi, wenye uvimbe kwenye pituitari, na wazee wachache ambao damu imethibitisha upungufu wao zaidi ya mara moja. Kwao tiba hii ni haki, huwarudishia hamu na nguvu ya misuli, na hawapaswi kuionea aibu. Wanachohitaji ni kupimwa tezi dume na wingi wa damu kabla ya kuanza, na kupimwa tena katika miezi ya mwanzo. Mwenye saratani ya tezi dume asiiguse bila bingwa wake.

Magazeti nayo yana historia katika hili. Mwaka 1889, mjini Paris, mwanasayansi Brown-Séquard, akiwa na miaka 72, alitangaza kwamba amejichoma maji yaliyokamuliwa kutoka korodani za mbwa na za simbilisi na kurudishiwa nguvu za ujana, na habari ikaenea magazetini kabla mtu yeyote hajaithibitisha. Leo inajulikana kwamba maji yale hayakuweza kuwa na homoni ya kutosha kufanya lolote. Kwa hiyo naomba gazeti lako, linapopokea tangazo la sindano, vidonge au unga wa nguvu za kiume usio na lebo, limtake mtangazaji aseme kilichomo na kama kimesajiliwa. Supu ya pweza, mihogo na karanga sina ugomvi navyo, kwa kuwa ni chakula. Unga usiojulikana unaweza kuwa umechanganywa na dawa za kusimamisha uume, nazo zikikutana na vidonge vya maumivu ya moyo vya aina ya naitreti, presha huanguka ghafla na mtu anaweza kufa.

Msomaji ambaye tayari anachomwa asiongeze wala kuacha kwa uamuzi wake mwenyewe. Aende hospitali na kichupa au jina la dawa na tarehe ya sindano ya mwisho, aombe kupimwa wingi wa damu, sukari, presha na tezi dume, na kama anatarajia kupata mtoto amwambie daktari hilo mwanzoni kabisa, hata kama hakuulizwa.

Wako,
Mtaalamu mstaafu wa maabara,
Morogoro