Wito wa Harambee: Tupaue Masjala ya Ardhi Kabla ya Mvua

Kwa wana wote wa kijiji mlioko Kigoma mjini, Mwanza, Dar es Salaam na kokote mliko: Bwana Yesu asifiwe. Assalaam alaykum.

Tunawaandikia kwa haraka kuomba mchango wa kupaua masjala, yaani chumba cha kutunzia karatasi za ardhi za kijiji, na hatufichi kwamba tunaona haya. Mwezi wa 5 mlituma rambirambi za misiba miwili, na kabla ya hapo mlichangia kisima. Hatujasahau. Lakini lililotupata masika haya ni la kwenu pia, na tukilinyamazia mtakuja kutulaumu.

Usiku mmoja wa mwezi wa 3 paa la ofisi ya kijiji lilivuja mpaka alfajiri, na maji yalidondokea juu ya sanduku la bati tunalotunzia karatasi za ardhi. Mtendaji alipolifungua asubuhi, maji yalikuwa yametuama ndani. Tulizitoa moja moja fomu za uhakiki, zile ambazo majirani hutia dole gumba kukubali mipaka ya shamba, tukazianika kwenye mikeka pale uwanjani na kuziwekea mawe zisipeperushwe. Nyingi zimekauka na bado zinasomeka. Fomu 43 hazisomeki tena, wino wa dole gumba umetanuka ukawa doa tu la zambarau. Kamati tunakiri kosa: tulijua paa linavuja, hatukulihamisha sanduku.

Moja kati ya hizo 43 ni ya bibi mmoja mjane wa kitongoji cha chini. Jina hatulitaji, wengi mtamjua. Shamba lake ni ekari tatu za michikichi aliyoipanda na marehemu mumewe. Mpaka wa mashariki ni mstari wa minyaa, na jirani wa upande ule, mzee aliyekuwepo siku minyaa ile inapandwa, ndiye aliyetia dole gumba kwenye fomu ya uhakiki. Mzee huyo tulimzika mwezi wa 1. Sasa watoto wa shemeji yake wanadai minyaa ilisogezwa. Bibi alikuja ofisini, akaishika fomu kwa mikono miwili, akaigeuza huku na huku akitafuta alama ya yule mzee. Akauliza, "Sasa nimwite nani?" Hatukuwa na jibu.

Majirani walio hai watarudia kutia dole, hilo tumeshaanza. Kwa fomu sita, jirani wa mpaka ameshafariki.

Baadhi yenu mmekuwa mkiuliza kwa nini hati zinachelewa wakati wapimaji walishapita. Kijiji kilipitisha mpango wa matumizi ya ardhi kwenye mkutano mkuu, tukatenga mashamba, malisho, makazi na msitu wa kijiji. Mashamba yakapimwa, majirani wakahakiki mipaka. Lakini Hati ya Hakimiliki ya Kimila inatolewa chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999, na nakala yake moja lazima ikae kwenye masjala ya kijiji. Wataalamu walituambia wazi: tafuteni chumba kikavu, chenye mlango imara na kabati linalofungwa, ndipo tuendelee. Sanduku la bati si masjala.

Na ardhi ya huku si ile mliyoiacha. Tangu mwaka 2018 serikali ilipoanza kuhimiza upya zao la chikichi mkoani kwetu, na miche ya tenera, michikichi ya kisasa yenye mafuta mengi, kutoka kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Kihinga ikaanza kusambaa, shamba ambalo zamani lilikopeshwa jirani alime mihogo sasa linagombewa. Wazee wetu waliokuja hapa na Operesheni Kigoma, serikali ilipowahamishia watu kwenye vijiji mwanzoni mwa miaka ya 1970, walipimiwa vipande kwa hatua za miguu, na mashahidi wa hatua hizo tunawazika kila mwaka. Wanaoumia kwanza ni wajane na mabinti. Sheria hiyo hiyo ya Ardhi ya Vijiji inasema mila inayomnyima mwanamke ardhi haina nguvu, lakini mama asiye na karatasi atasimama na nini mbele ya Baraza la Ardhi la Kijiji?

Wanakijiji hawakukaa mikono kifuani. Wamefyatua na kuchoma matofali 7,000, wamebeba mawe ya msingi, na kuta za vyumba viwili zimefika kwenye lenta. Jumapili iliyopita, mama mmoja anayeuza dagaa alileta dumu la mawese la lita 20, tukalinadi pale pale. Kilichobaki ni bati 38 za geji 28, mbao, saruji, mlango wa chuma, madirisha matatu ya nondo na makabati mawili ya chuma. Jumla ni shilingi 6,800,000. Mkononi tuna 1,940,000. Pungufu ni 4,860,000. Bati moja dukani ni shilingi 33,000. Anayeweza bati moja alete moja, na anayeweza kabati Mungu amzidishie.

Ndugu zetu, semeni wenyewe kama tunakosea. Wengi wenu mna viwanja mjini, vina hati, vina uzio na geti. Huku alikozikwa babu yako, kitovu chako kilikozikwa, hakuna karatasi. Siku ukirudi na wanao kuwaonyesha kwenu, utaanzia mpaka gani? Mwaka ule wa bati za shule mlituma mpaka zikabaki fedha za madawati sita. Ni ninyi wale wale.

Harambee itakuwa Jumapili ya pili ya mwezi wa 9, baada ya ibada, uwanja wa shule. Mchungaji na imamu watakuwepo wote wawili. Walio mbali watume kwenye namba ya kikundi tuliyotumia kwa kisima. Hakikisha jina la kikundi limetokea kabla hujathibitisha, na usitume kwa mtu binafsi hata akijitambulisha kuwa mjumbe. Kila mchango utapewa stakabadhi, na mapato na matumizi yatasomwa kwenye mkutano mkuu na kubandikwa ubaoni.

Fundi yuko tayari, anasubiri mbao. Sanduku kwa sasa liko kwenye chumba cha madrasa, ustadhi ametuazima mpaka mvua za Novemba. Watoto wanasomea nje, chini ya mwembe.

Katibu, kwa niaba ya Kamati ya Ujenzi wa Masjala
Wilaya ya Uvinza, Kigoma