Kabla Hujahama King'amuzi

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Natumaini u mzima wa afya pamoja na wote hapo nyumbani. Sisi huku hatujambo. Barua yako nimeipata, na hilo swali la kuhama kampuni ya king'amuzi ndilo lililoninyima usingizi mwezi uliopita.

Mimi nimeshahama. Chaneli ninazozipenda zilikuwapo kote kuwili. Kilichonihamisha ni lile gari letu la safari, lenye vitanda na jiko. Kampuni ya zamani ilitaka nilipie kifurushi kingine kizima kwa king'amuzi cha garini, ilhali tukiwa safarini nyumbani hakuna anayetazama. Hii mpya inaruhusu ving'amuzi viwili kwenye akaunti moja. Ulizia hilo kwanza, na uombe jibu kwa maandishi.

Kisha ulizia setilaiti yao iko digrii ngapi, yaani iko wapi angani, mashariki au magharibi. Setilaiti hizi zinakaa juu ya ikweta, kilomita 35,786 kutoka ardhini, kwa hiyo kadiri unavyosafiri mbali na ikweta ndivyo dishi linavyozidi kuinamia upeo wa macho, na miti inazidi kukuziba. Dishi la nyumbani hufungwa mara moja likasahaulika. La garini unalitega upya kila unapoegesha. La kufunga juu ya paa sikulitaka, kwa sababu gari likifuata kivuli, dishi nalo linaingia kivulini. Nikanunua stendi ya miguu mitatu na kebo ndefu: gari linakaa chini ya mti, dishi linasimama peupe. Nguzo ya stendi isimamishe kwa pimamaji kabla ya kugusa kingine chochote, maana ikilala kidogo tu, digrii za mwinuko unazosoma kwenye dishi si za kweli. Baada ya hapo geuza polepole, simama, subiri. Mstari wa mawimbi kwenye runinga haupandi papo hapo.

Siku ya kwanza nilihangaika tangu alasiri mpaka giza likaingia. Dira sawa, mwinuko sawa, mstari umelala chini. Mke wangu akashika tochi, tukafungua koneta ya kebo. Uzi mmoja wa ile nyavu ya nje, mwembamba kama unywele, ulikuwa umepinda ukagusa waya wa kati. Umeme wa kichwa cha dishi, kile kinachopokea mawimbi, hupanda kwa kebo hiyo hiyo, basi ukawa unaishia pale. Nikaukata kwa wembe, tukafunga tena, picha ikaja. Ungewasikia watoto walivyoshangilia!

Dishi lako la nyumbani usilitupe. Mara nyingi hugeuzwa tu kuelekea setilaiti mpya, pengine na kubadilishwa kichwa. Wala usikate huduma ya zamani mpaka mpya iwe imekuridhisha nyumbani na garini, tena hata siku ya mvua kubwa, maana mvua ndiyo inayolishinda dishi dogo. Mkataba nao usome mpaka mwisho. Mimi niliharakisha, kumbe nilitakiwa kutoa taarifa siku 30 kabla. Nikalipia mwezi mzima ambao sikuutazama, na bado unaniuma.

Wakikupa hizo digrii niandikie, tuangalie pamoja kama ule mwembe ulio mbele ya nyumba yenu utaziba. Pimamaji yangu nitakuja nayo.

Wasalimie wote.

Ni mimi rafiki yako