Barua ya wazi kwa Afisa Elimu Mkoa wa Mtwara: Kalamu nyekundu ya mkuu wa shule

Ndugu Afisa Elimu,

YAH: WAKUU WA SHULE NA ARI YA WALIMU

Nakuandikia kutoka Newala, huku juu kwenye uwanda wa Makonde, ninakofundisha hisabati sekondari, mwaka wa 14 sasa. Humu sidai malimbikizo. Hayo yana barua yake. Nataka tuzungumze kalamu nyekundu.

Kila mwalimu anaijua. Saa 1:30 asubuhi mkuu anavuta daftari la mahudhurio na kupiga mstari chini ya jina la mwisho. Ukichelewa unasaini chini ya mstari, na mchana unaandikiwa barua ya kujieleza. Mkuu wetu mmoja wa zamani aliipenda kalamu hiyo kuliko chaki. Miaka mitatu chini yake hatukuchelewa. Tulifika, tukasaini, tukaenda kukaa chini ya mwembe na simu zetu. Kengele ya kipindi ikilia, mtu anamalizia kwanza soga. Maandalio ya somo yalikuwa kamili, mengi yamenakiliwa ya mwaka juzi yakabadilishwa tarehe. Alitaka saini, tukampa saini.

Akahamishwa, akaja mama mmoja. Wiki ya kwanza hakuitisha kikao. Aliomba akae nyuma ya darasa langu la Kidato cha Pili, nikifundisha milinganyo. Tulipotoka hakunimwagia sifa. Alisema tu: "Mwalimu, yule binti wa dirishani alipokosea ubaoni, ulimwacha ajisahihishe mwenyewe. Mimi ningemkatiza." Maneno hayo nilitembea nayo wiki nzima. Kumbe kuna mtu anaona ninachofanya!

Huku kwetu maji ya kiangazi tunanunua kwa dumu. Yeye aliagiza kila nyumba ya mwalimu ipate madumu mawili kwa wiki kutoka tangi la shule. Jalada la mwenzetu aliyerukwa kupanda daraja alilibeba mwenyewe hadi halmashauri. Halafu kuna korosho. Oktoba ikiingia, wengi wetu wenye mikorosho tulikuwa tunaugua ghafla siku za kupeleka mzigo chama cha msingi cha ushirika. Wenyewe tuliiita malaria ya korosho. Mama akasema: niambie ukweli, panga na mwenzako akushikie kipindi, ukirudi ukilipe. Malaria ikapona. Na jioni, bila posho, walimu wanne tukaanza kubaki na watoto wa Kidato cha Nne.

Sisemi lugha nzuri ya mkuu inalipa deni. Mwalimu anayedai nauli ya likizo hashibi shukrani, na mkuu asipewe kazi ya kufunika madeni ya mwajiri. Ila katika mishahara ileile, nyumba zilezile na wanafunzi walewale, niliona kazi ikibadilika.

Ombi langu ni hili. Sisi walimu tunapimwa na wakubwa wetu kila mara, zamani kwa fomu za OPRAS, sasa kwa PEPMIS, mfumo wa mtandaoni wa kupima utendaji wa watumishi wa umma. Mkuu naye apimwe kutoka chini. Majina ya wakuu wapya yakifika mezani kwako, tuma mtu akawaulize kwa siri walimu waliofanya naye kazi: huyu huingia darasani? Husikiliza? Ungependa kurudi chini yake? Na wapitie ADEM, wakala wa Serikali unaofundisha uongozi wa elimu, kabla ya kukabidhiwa ofisi, si baada ya kuivuruga. Tangu 2016 Serikali inawalipa wakuu wa sekondari posho ya madaraka, shilingi 250,000 kwa mwezi. Hatuwaonei kijicho, lakini hela hiyo si ya kupigia mistari.

Mama yetu anastaafu Juni mwakani. Ofisini tupo walimu 19, na kila chai ya saa nne swali ni moja: anakuja nani?

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu wa hisabati, Newala